Jina Langu Kinywani mwa Mtu Mwingine

Watu wa Kisangani wenye umri wangu wakisikia ile santuri bado hunigeukia, hata kama tumo ndani ya duka tunanunua chumvi. Wananitazama usoni waone kama nitatabasamu. Sitabasamu. Sina ugomvi nao; ni uso wangu tu uliozoea kutofanya lolote wimbo ule unapopita. Wenye adabu hujifanya wanasoma maandishi kwenye makopo ya maziwa. Wasio na adabu huuliza, "Mama, njo weye?" Nami hujibu kwamba ndiyo, ni mimi, na ninalipa chumvi yangu.

Mume wangu ndiye aliyeutunga, kabla hajawa mume wangu. Nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya msingi ya Makiso, nimetoka Ubundu ambako baba alikuwa mtu wa reli. Yeye alikuwa karani bandarini asubuhi na mwimbaji wa bendi jioni. Wakati ule bendi zote za mji zilipiga rumba. Hii yao ilipiga roki, au kitu walichokiita roki na ambacho majirani walikiita kelele. Serikali haikutaka mambo ya kizungu, hata majina yetu ya ubatizo tulikuwa tumeshayavua, kwa hiyo wao waliimba kwa Kiswahili na Lingala, wakavaa abacost, zile suti za wakati ule zisizo na tai, zilizopigwa pasi vizuri, na gitaa zikaendelea kupiga mayowe vilevile. Hakuna aliyewasumbua. Nadhani wakubwa hawakuweza kujua kelele ile ni ya kabila gani.

Katika wimbo ule jina langu lilikuwa ndilo kiitikio, linarudi na kurudi mpaka mtu anachoka. Nilipogeukia ubao, wanafunzi wangu waliuimba midomo imefungwa. Mkurugenzi wa shule aliniita ofisini akaniuliza kama nina mpango wa kuolewa au nina mpango wa kuwa maarufu. Nikaolewa. Tukapanga nyumba Kabondo, yenye ua mpana, na bendi ikahamia uani na vyombo vyake vyote. Tukapata binti mmoja, na tangu siku hiyo wanamuziki wakaniita Mama wa fulani, kama inavyotakiwa. Jina langu lenyewe likabaki kwa mume wangu peke yake, nyumbani na jukwaani.

Kisha koo lake likavimba. Mwanzoni tulisema ni baridi ya mto, baadaye tulisema ni sigara za wengine. Hospitalini wakampasua, akatoka na kovu shingoni, na sauti haikutoka naye. Ilibaki pumzi tu. Mimi nilijifunza kusoma midomo yake, wengine walimsoma mikono. Akinihitaji alipiga makofi mawili, nami nilikuja. Daktari alizungumza naye mlango umefungwa, kisha akafungua akaniambia mimi kwamba mgonjwa anatakiwa kupumzika na kula vizuri.

Sikulia. Watu walikuja wakakaa kwenye viti vyangu wakingojea nilie, wakanywa chai, wakaondoka hawajapata kitu. Nilikuwa kama shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino: unaligusa, unajua ni lako, lakini halikuambii chochote. Nilikwenda shuleni, nikafundisha kugawanya, nikarudi, nikapika. Mama mkwe alisema nina moyo mgumu. Sikubishana naye, kwa sababu sikuwa na habari yoyote kutoka huko moyoni.

Bendi ilikaa kimya kipindi kizima cha mvua. Halafu siku moja mume wangu akatoka uani, akaketi juu ya sanduku la spika, akaashiria kwamba watafute mwimbaji mwingine. Wale wanaume walitazama chini kana kwamba wameambiwa wavue nguo. Akapiga kofi moja, la hasira, na wakakubali.

Waliokuja kujaribiwa walikuja Jumapili baada ya misa, na mimi niliwapikia wote, maana Kisangani huwezi kumwita mtu uani kwako aimbe kisha arudi na njaa. Mmoja alikuwa wa kwaya ya parokia. Alipofungua kinywa, jirani yangu aliacha kutwanga majani ya pondu. Sijasikia tena sauti kama ile. Mwingine alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, mtu mrefu, mpole, aliyeimba kama anapigania kusikika katikati ya mashine, na sauti ilimkimbia kila alipoona haya. Alipomaliza kula alibeba sahani yake mwenyewe mpaka kwenye beseni. Akaniuliza maji ninayachota wapi. Nikamwonyesha bomba la barabarani, akachukua ndoo zangu akaenda, wakati yule wa kwaya anaongea na mpiga gitaa la solo habari za jukwaa.

Mume wangu akamnyoshea kidole yule wa kiwanda.

"Yaya, huyu?" mpiga solo akauliza, akimwita kaka mkubwa kama bendi nzima ilivyomwita. "Ule wa kwaya anamupita mbali. Wote tumesikia."

Mume wangu akamnyoshea kidole tena, akaingia ndani kulala. Nilidhani ugonjwa umemharibu na masikio.

Walifanya mazoezi, na mwimbaji mpya akawa mzuri kiasi. Hakuwa kama mume wangu. Mume wangu aliimba kama mtu anayedai chake. Huyu aliimba kama anayeomba radhi kwa kuchelewa, lakini juu ya gitaa zile kali ilipendeza kwa namna yake. Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja, mmoja wa wale waliopewa maduka ya Wagiriki wakati wa zairianisation, serikali ilipowanyang'anya wageni mali, akasema atatoa santuri kubwa, ya pande mbili, ya kwanza kwa bendi. Upande wa kwanza uanze na wimbo wa kumsifu Guide, yaani rais, na Chama, hilo halikuhitaji kujadiliwa. Kisha akataja sharti lake la pili.

"Bon, citoyens, mie iko mufanyabiashara. Batu benye kununua disque banataka wimbo moja tu, ile ya muke ya yaya. Bila hii wimbo, hakuna disque."

Wakasema hakuna shida. Shida ilionekana kesho yake kwenye mazoezi. Gitaa zilianza, ngoma ikaingia, mwimbaji akaimba ubeti wa kwanza vizuri kabisa, akafika mahali pa jina langu, akafunga mdomo. Vyombo vikaendelea bila yeye kama gari lililomwacha dereva.

"Siwezi, yaya," akamwambia mume wangu. "Iko jina ya muke ya mutu. Na muke mwenyewe iko pale, anachambua muchele."

Nilikuwa pale kweli, ninachambua mchele. Na alikuwa na haki. Kwetu mwanamume hasimami mbele ya watu akaita jina la mke wa mwenzake kwa sauti ya namna ile, mara moja baada ya nyingine, na gitaa nyuma. Mume akiimba ni mapenzi. Mwingine akiimba ni kesi, na ndugu wa pande mbili huitwa. Hata wale wa bendi, waliokula kwangu miaka yote, hawakuwa wamewahi kulitamka.

Basi wakatafuta jina jingine. Mpiga ngoma alitoa la mkewe, kwa ukarimu; kesho yake alilirudisha, na jicho moja lilikuwa limevimba, kwa kuwa shemeji zake walikuwa wamepita nyumbani. Mpiga besi akaleta jina aliloapa kwamba halina mwenyewe mji mzima. Walipomwimbia mfanyabiashara, alikohoa mpaka akatoka nje. Ikajulikana kwamba mwenye jina lile ni deuxième bureau wake, mwanamke wake wa pembeni, amempangia nyumba ya matofali upande wa Tshopo. Wakajaribu jina la mto. Wimbo ukawa kama somo la jiografia.

Niliwaambia walibadilishe wapendavyo, hata waweke jina la mbuzi, mimi sijali. Nilisema kweli. Jina lilikuwa mbali nami kama lile la ubatizo. Lakini mume wangu alitikisa kichwa kila mara. Mwishoni alipiga makofi mawili, nikaenda, na kwa midomo akaniambia nitume habari Ubundu, ambako ukoo wake nao ulikaa, baba zake wadogo waje.

Walikuja kwa treni, wawili, na kuku wao kwenye kikapu. Walisikiliza wimbo mzima mpiga solo akiuimba kwa kunong'ona na kuliruka jina, walitazamana, na mkubwa wao akasema jambo ni jepesi. Mgeni hawezi kuimba jina la mke wa mtu. Mdogo wa mume anaweza. Hilo kila mtu analijua: mdogo wa mume humwita mke wa kaka yake "muke yangu" sokoni mchana kweupe, humtania chakula, humnyang'anya kiti, na hakuna anayegeuka. Kwa hiyo kijana afanywe mdogo. Wazazi wake walikuwa wamekufa, ndugu hakuwa nao hapa mjini, hakuna atakayekataa.

Nilicheka kidogo niliposikia, na nilishangaa kusikia nimecheka. Niliona ni ujanja mzuri, wa kizee. Nikapika lituma, nikaponda ndizi mpaka mikono ikauma, nikapika samaki na mmoja wa wale kuku wa Ubundu. Mwimbaji na mume wangu wakaketi mkeka mmoja, wakala sahani moja niliyowawekea mimi. Bendi nzima ilikuwepo. Yule mkubwa alinawa, akasafisha koo, akaanza kumwambia kijana kazi zake.

"Tangu leo uko leki yake, mudogo yake. Akigonjwa, utamubeba. Nyumba yake ikivuja, utapanda juu. Mutoto yake iko mutoto yako, utalipa masomo yake kama yako. Umesikia?"

"Nimesikia, tonton."

"Na siku yaya yako atatuacha, muke yake hatatembea kwa milango ya batu. Utamukamata, akuwe muke yako?"

Kijana hakunitazama mimi. Alimtazama mume wangu, na mume wangu aliinamisha kichwa mara moja.

"Nitamukamata, tonton."

Nilikuwa nimesimama na sufuria ya lituma mikononi. Niliwatazama mmoja mmoja. Mpiga solo alikuwa anachunguza kucha zake. Mpiga ngoma alikuwa anatafuna kitu alichokuwa ameshameza. Hakuna aliyeshtuka. Yule mzee hakusema "ikiwa", alisema "siku". Nilielewa kwamba ua mzima unajua mume wangu anakufa, umekuja kula chakula changu ukijua, na jina langu kwenye wimbo lilikuwa ndilo mlango tu wa kupitishia habari yenyewe.

"Nani anaongeza samaki?" nikauliza.

Walisema wanaongeza.

Jua lilipokuwa linashuka, wageni wamekwenda kutembea, nilikaa mbele ya mume wangu na sufuria za kusugua. Nikamuuliza daktari alimwambia nini. Midomo ikasema: mwaka, pengine usifike. Nikamuuliza kama mwimbaji alimchagua kwa sababu ya sauti. Akatikisa kichwa. Akasema waimbaji wamejaa kila kona ya Zaire. Kisha akasema, polepole ili nisome vizuri: "Alikuchotea maji."

Najua mwanamke mwingine angelia hapo, na angemshika mikono. Mimi niliendelea kusugua. Nilijua ndani yangu mahali fulani pana hasira, hasira kubwa, kwa sababu alikuwa amenipangia maisha kama mtu anayehama anavyoamua kabati liende kwa nani. Hakuniuliza. Alikuwa hana sauti, lakini angeweza kuniuliza. Nilimsoma kila siku. Nilijua hasira ipo kama unavyojua kuna mtu chumba cha pili. Sikuisikia ikitembea.

Walirekodi kwenye redio ya mji, katika chumba kikubwa, mchana wakati hakuna matangazo. Fundi aliweka kipaza sauti kimoja kwa mwimbaji, akafunika ngoma kwa blanketi ili isimeze wengine. Nilikuwa nimeleta mikate na ndizi, nikaruhusiwa kukaa mlangoni. Mume wangu alikaa kwenye kiti karibu na mashine, mikono juu ya magoti, amekonda ndani ya abacost yake ya jukwaani.

Waliimba ule wa Chama, waliimba mingine, na mwishoni wakafika kwangu. Mwimbaji alifumba macho. Alipofika kwenye jina hakulipiga kelele kama mume wangu alivyokuwa akilipiga. Aliliita taratibu, kama mtu aliyesimama nje ya pazia la mlango wa kaka yake anayeuliza kama wenyewe wapo. Mpiga solo aliinua macho. Hata mimi nilijua ameimba vizuri. Midomo ya mume wangu ilikuwa inakwenda pamoja naye, neno kwa neno, na jina langu nililisoma pale kila lilipopita. Nilichofikiri mimi ni kwamba shati la fundi limekosa kifungo.

"Bon," fundi akasema. "Hii haturudilie. Iko yenyewe."

Mkanda ukashuka na meli kwenda Kinshasa kugeuzwa santuri. Mume wangu hakuiona. Alikufa asubuhi, binti yetu akiwa shuleni na mimi nikiwa nakoroga uji wake. Alipiga kofi moja tu. Nilidhani anamwita mwingine, na nilimaliza kukoroga.

Tulimzika, tukakaa matanga. Mwimbaji alifanya yote aliyoambiwa. Alibeba jeneza upande wa mbele, aliziba bati lililovuja, alimnunulia binti yangu daftari na viatu. Aliniita "Mama" na macho chini, hakuthubutu hata utani mmoja wa shemeji. Katikati ya matanga meli ikaleta masanduku ya santuri, na baa zote kuanzia Makiso mpaka Tshopo zikaanza kuniita jina. Wimbo ulifika mpaka kwetu juu ya ukuta. Wanawake waliolala nami kwenye mikeka walinyamaza kila ulipoanza, wakasikiliza hadi mwisho, na mmoja akasema kwa kujisahau kwamba huyu mpya anaimba kupita marehemu. Wenzake walimfinya. Niliwaambia wamwache, ni kweli.

Ni kwenye bomba la maji nilikosikia habari nyingine. Kijana alikuwa na mchumba Lubunga, ng'ambo ya mto. Alikuwa ameshapeleka wazee wa mtaa wake mara ya kwanza kwao. Tangu siku ya lituma hajapeleka tena, na hakumweleza msichana sababu. Msichana alikuwa anavuka na mtumbwi siku za soko, anakaa karibu na geti la kiwanda, na yeye anatokea mlango mwingine.

Matanga yalipofika mwisho, baba wadogo wa marehemu walirudi kutoka Ubundu. Waliketi uani, bendi ikaketi, wanawake wakaketi nyuma yangu. Mwimbaji alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikaa upande wa ndugu wa marehemu, mahali pake. Yule mkubwa alizungumza vizuri, hakunilazimisha. Alisema marehemu aliacha neno, kijana yupo, ni mtu wa kazi na mtu wa heshima, ua wote umeona. Sasa mwenye kusema ni mimi.

"Mama, unamukubali leki ya bwana yako?"

Nilimtazama kijana. Alikuwa amebana magoti kwa mikono, na angenichukua. Hilo nalijua mpaka leo. Angenichukua, angenichotea maji mpaka uzee, wala nisingesikia neno baya kinywani mwake.

"Jina nimemupatia," nikasema. "Inatosha. Mie mwenyewe, hapana. Aende Lubunga akaoe."

Kabla mtu hajanijibu, kijana akashusha pumzi. Hakukusudia. Ilimtoka tu, ndefu, ya mtu anayetua gunia, na watu wote wakaisikia. Mabega yake yalishuka. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu achukue ndoo zangu, na macho yake yalijaa shukrani mpaka nikaona haya.

Ndipo nikalia. Nililia nikimkasirikia mume wangu kwa sauti, nikamuuliza kama aliniona mimi ni mzigo wa kugawa, nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi kwanza, nikamwita jina lake lote. Wanawake nyuma yangu walikuwa wameningojea miezi yote ile. Walisema, haya, sasa imefika, wakanizunguka wakalia pamoja nami, na mama mkwe akanishika kichwa akakiweka mapajani mwake.